Unaogopa bili ya hospitali? Namna ya kuijua gharama kabla haijakukuta dirishani

Muulize mtu yeyote wa mwaloni Kirumba, soko la dagaa hapa Mwanza, bei ya ndoo ya dagaa, atakutajia ya jana, ya leo, na anayoitegemea giza la mwezi likiisha. Muulize itamgharimu kiasi gani kumpeleka mtoto anayeumwa tumbo hospitali, atakuna kichwa na kusema "inategemea." Hiyo inategemea ndiyo inayowalaza watu nyumbani na homa yao wiki nzima. Wengi wana kitu kidogo mfukoni. Wanachokosa ni kujua kama hicho kidogo kitawafikisha mwisho wa safari au kitaishia katikati, waonekane wametupa hela na ugonjwa bado wanao.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Igoma. Mtu wa kikundi akilazwa, mfuko wa jamii ndio unafunguliwa, kwa hiyo stakabadhi za hospitali zinapita mikononi mwangu. Zinaonyesha kitu kimoja: gharama ya matibabu haiji kwa mkupuo. Inakuja vipande vipande, kila dirisha na lake. Kumuona daktari, kipande. Maabara, kipande. Dawa, kipande, na zile zisizopatikana ndani unazifuata nje. Ukilazwa kuna kitanda, vifaa, chakula cha mgonjwa, na nauli ya anayemletea. Hakuna mtu mmoja hospitalini anayeijua jumla yote, maana kila mmoja anajua kipande chake tu. Wa kuijumlisha ni wewe.

Niseme na hili, maana watu wa afya hawapendi kulisikia: mganga wa kienyeji anapata wateja kwa sababu mnapatana bei mkiwa mmekaa, na anakubali nusu sasa, nusu ukivuna. Ukija kupiga hesabu ya kuku, mbuzi na safari za kurudi, mara nyingi amekula zaidi ya zahanati. Ila hakukushtukiza.

Hatua ya kwanza: tenganisha hali zisizosubiri bei

Kabla ya kuongea habari ya pesa, jueni nyumbani kwenu dalili ambazo mkiziona mnaondoka hata kama mfuko ni mtupu. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea hata kumwamsha ni kazi. Mtu yeyote anayehema kwa shida. Mtu mzima ambaye mdomo umepinda ghafla, mkono umekosa nguvu upande mmoja, au maneno hayatoki sawasawa. Kifua kinachobana na jasho linamtoka. Mjamzito anayetokwa damu, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona maruweruwe, au mtoto ameacha kucheza tumboni. Mtu anayeharisha maji mfululizo mpaka macho yameingia ndani. Huyu mwanzieni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, njiani hukohuko.

Hapo gawaneni kazi. Mmoja aende na mgonjwa, mwingine abaki kutafuta hela. Utaratibu wa hospitali za serikali ni kumhudumia kwanza mgonjwa wa dharura, malipo yafuate. Mkisimama wote getini mkisubiri shemeji atume pesa, mnapoteza saa ambazo hazinunuliki.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga kuna usafiri wa dharura wa bure unaoitwa m-mama. Namba ni 115, na kupiga ni bure. Ulijaribiwa kwanza huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kusambazwa nchi nzima. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, hutafutwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, na malipo yake hayatoki kwako. Iandike 115 ukutani, kwenye simu ya mume, ya mama mkwe, na ya bodaboda wa mtaani kwenu.

Walioko kambi za uvuvi visiwani wana shida yao: dharura inaanzia kwenye maji. Kambi ikae na tajiri wa mtumbwi mapema, ikubaliane injini ya nani itatumika usiku na petroli itatoka wapi. Dumu moja liwekwe pembeni, lisiguswe kwa safari ya nyavu. Kujadiliana bei ya mafuta saa nane za usiku huku mama anatokwa damu, hapo hakuna mapatano. Kuna mtu mmoja tu anayepanga bei.

Hatua ya pili: jua vitu ambavyo hutakiwi kulipia

Watu wengi wanaogopa bili ya kitu kisicho na bili. Katika vituo vya serikali, kwa sera ya afya ya nchi, hivi vinatolewa bure: huduma kwa wajawazito na kujifungua, matibabu ya watoto chini ya miaka 5, chanjo, uzazi wa mpango, kupima VVU na dawa zake, kupima kifua kikuu na dawa zake, na matibabu ya ukoma. Kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto navyo ni bure, ingawa mtu mzima anaweza kutakiwa ada ya kumuona mtabibu. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo pia kwenye msamaha.

Ukikohoa wiki mbili, makohozi yako yanapimwa bila senti. Nalirudia hili kwa sababu wavuvi na wachimbaji huku kwetu wanakohoa msimu mzima wakimeza dawa za kikohozi za dukani, na kila chupa wanailipia.

Sasa ukweli wa mambo. "Bure" ya kujifungua haimaanishi unaenda mikono mitupu. Kituo kikiishiwa vifaa, mama anaambiwa aje na glavu, pamba, nailoni ya kutandika, kibana kitovu na beseni. Ukiwa kliniki miezi ya mwanzo, muulize muuguzi: "Dada, mimi nikija kujifungua hapa nije na nini?" Akutajie, uandike, ununue kimoja kimoja kila ukipata hela. Mama anayevinunua kidogo kidogo hatikisiki. Anayetumwa kuvitafuta uchungu umeshaanza anauziwa kwa bei ya duka la karibu na geti, na bei hiyo mnaijua.

Mzee naye anahitaji kitambulisho cha matibabu, na njia yake inapita kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha ustawi wa jamii. Kifuatilie babu akiwa mzima. Wengi wanaanza kukitafuta mzee akiwa tayari wodini, na mtendaji ameenda semina.

Hatua ya tatu: chagua mlango wa kuingilia

Ngazi zetu ni hizi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, na juu kabisa Bugando, hospitali ya kanda inayopokea wagonjwa wa mikoa yote ya ziwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo vipande vya bili vinavyonenepa. Anzia chini kwa ugonjwa wa kawaida, na ukitakiwa kupanda, panda na barua ya rufaa. Mtu anayetoka Buhongwa na mafua yake akaipita zahanati ya mtaani kwao kwenda hospitali kubwa kwa sababu "kule wana vipimo" anajitafutia foleni na gharama.

Mlango wa gharama kuliko yote, kwa hesabu ninazoziona, ni duka la dawa. Vidonge vya elfu mbili leo, vya elfu tatu keshokutwa, sindano ya mtaani wiki ijayo, halafu hospitali iko palepale. Muuzaji wa duka la dawa muhimu ana kazi yake na wengine ni watu makini sana, lakini maabara hana.

Chukua kichocho. Huku ziwani ni ugonjwa wa kwetu: wadudu wanatoka kwenye konokono, wanaingia mwilini kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji, ukiteka, ukifua, ukivuta kokoro. Kichocho cha ziwa hili ni cha tumbo zaidi. Dalili zinakuja polepole: tumbo linasokota, kinyesi kina damu, mtu anachoka bila sababu, mtoto anadumaa. Kipimo chake ni cha kawaida, kinyesi kinaangaliwa kwenye hadubini. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, vingi kwa pamoja kulingana na uzito wako, unavimeza siku moja. Watoto wa shule wanapewa bure kampeni inapopita. Hiyo ndiyo bei ya kuwahi.

Bei ya kuchelewa ni nyingine kabisa. Ugonjwa ukikaa miaka mwilini unakakamaza ini, tumbo linajaa maji, na mishipa ya kwenye koo la chakula inavimba mpaka inapasuka. Mtu anatapika damu. Sasa zinatakiwa chupa za damu, kamera ya kuingiza tumboni, kitanda, na rufaa ya kwenda Bugando. Huyu mtu aliogopa bili ya maabara ya kijijini. Na kwa kuwa mvuvi hawezi kuacha kuingia majini, kupima kichocho kwake ni jambo la kurudia, kama anavyorudia kushona nyavu.

Hatua ya nne: uliza kabla ya kila dirisha

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoona aibu. Tumelelewa kuamini kwamba daktari haulizwi bei. Ukiuliza utaonekana mkorofi au masikini. Uliza. Daktari mzuri anaona afadhali ajue una shilingi ngapi kuliko akuandikie vipimo ambavyo hutavifanya, urudi baada ya mwezi ukiwa umezidiwa.

Chukua daftari dogo la shule. Ukurasa wa kwanza andika jina la mgonjwa, umri, dawa anazotumia, na dawa zinazomdhuru. Ukurasa wa pili gawa mara tatu: kitu, bei niliyotajiwa, niliyolipa. Hilo tu. Ukikaa kwenye benchi na daftari na kalamu, watu wa madirishani wanakutajia bei vizuri zaidi, sijui kwa nini, ila nimeliona.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi. Daktari akiwa mkubwa kwako utamwamkia shikamoo. Akiwa wa umri wa mwanao, "habari za kazi, daktari" inatosha. Ameshakuandikia vipimo vitatu.

"Nashukuru, daktari. Nilikuwa naomba kuuliza, hivi vipimo jumla yake inaweza kufika ngapi?"

"Bei mimi sina mama, kaulize malipo."

Usiende maabara. Nenda dirisha la malipo na karatasi yako.

"Habari za kazi, mwanangu. Naomba unipigie hesabu ya hivi kabla sijalipa."

Atakupigia. Imezidi uliyonayo. Hapa ndipo wengi wanapokunja karatasi, wanaaga vizuri, na hawaonekani tena. Wewe rudi kwa daktari:

"Samahani daktari, kwa leo nina elfu ishirini. Kipi kianze, na kipi kinaweza kusubiri majibu ya hicho cha kwanza?"

Swali hilo lishike kwa moyo. Halimkatalii daktari, wala halikufanyi ombaomba. Linamwambia afanye kazi yake kwa kipimo cha mfuko wako. Mara nyingi kimoja kati ya vitatu ndicho kinachoamua matibabu, na vingine vilikuwa vya kujiridhisha. Pengine atakwambia vyote ni vya lazima leo. Basi umejua, na unampigia mtu simu ukiwa na kiasi kamili cha kumtajia. Kumwomba kaka "nitumie elfu kumi na nne za kipimo" ni tofauti sana na "nipo hospitali, nisaidie chochote."

Ukiambiwa mgonjwa alazwe, uliza siku hiyohiyo kitanda ni kiasi gani kwa siku na kama kuna dipoziti, maana hospitali binafsi na baadhi ya za mashirika ya dini huitaka mwanzoni. Halafu kila asubuhi mwombe muuguzi wa zamu au mhasibu akuonyeshe bili ilipofika. Bili inayotazamwa kila siku haiwezi kukushtua siku ya kuruhusiwa, na kosa likiwemo linarekebishika angali kila mtu anakumbuka kilichofanyika. Dawa iliyoandikwa lakini ulinunua nje, kipimo kilichoandikwa mara mbili, hayo yapo.

Upasuaji uulizie kwa vipande vyake: upasuaji wenyewe, dawa ya usingizi, siku za wodi baada ya hapo, na vifaa tutakavyotumwa kununua. Daktari atasita kutaja namba moja, na ana haki, kwa sababu tumbo likishafunguliwa linaweza kuonyesha jambo jingine. Mwombe akutajie mambo yakienda vizuri inafika ngapi, na yakienda vibaya ngapi. Jiandae kwa ile ya pili. Damu haiuzwi, ndugu wanaombwa wakachangie ili benki ya damu isikauke, na huo ndio mchango. Atakayekuuzia chupa ya damu koridoni ni mwizi.

Na kulipa kwenyewe: katika vituo vya serikali pesa inapita kwenye kontrol namba, unalipia kwa simu au wakala, unapata risiti. Pesa inayotakiwa mkononi, haraka haraka, bila karatasi, haiendi hospitali. Ukutani kuna namba ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Ipige ukiwa hapohapo. TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa, ni 113.

Hatua ya tano: cheti cha dawa

Cheti kina dawa tano na hela inatosha mbili. Usimwachie muuzaji wa duka achague. Rudi uulize: "Daktari, kama leo siwezi kununua zote, zipi ni za lazima?" Mara nyingi kuna moja ya ugonjwa, moja ya maumivu, na vitamini za kukupa nguvu. Vitamini zinasubiri.

Omba dawa iandikwe kwa jina lake halisi, siyo jina la kampuni. Parasetamo ni parasetamo. Boksi la kupendeza linaongeza bei tu. Usinunue nusu dozi ya dawa ya kuua vijidudu ukitegemea kumalizia Ijumaa. Kama hela haitoshi dozi nzima, sema, upewe ya bei nafuu unayoweza kuimaliza.

Mwenye presha au kisukari hana bili ya ghafla, ana kodi ya kila mwezi. Aihesabu hivyo, pamoja na kodi ya chumba. Wanaoiacha presha kwa sababu "najisikia vizuri" ndio tunaowachangia baadaye kwa kiharusi, na kiharusi hakina jumla, kinaendelea.

Hatua ya sita: bima, kwa kifupi

Kata ukiwa mzima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, huku mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023 na mipango hii inapangwa upya chini yake, kwa hiyo usiende na bei ya mwaka juzi kichwani. Kaulize kwa mtendaji wa mtaa au kwenye kituo chenyewe. Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela: inaanza kufanya kazi lini baada ya kulipa? Inaishia hospitali ipi? Watu gani wa nyumbani wanaingia? Dawa ikikosekana ndani, nitarudishiwa hela ya kununua nje?

Mwenye kadi naye aulize mapokezi kama inapokelewa kabla hajaketi. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kwa siku chache kuwahudumia wenye kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya cha huduma, na watu walikuta hivyo mlangoni na mgonjwa mgongoni.

Hatua ya saba: mfuko unaofuata mwezi

Ushauri wa "weka akiba kila mwezi" umeandikwa na watu wanaolipwa mshahara. Mvuvi wa dagaa hana mwezi wa kalenda. Ana giza na mbalamwezi. Giza mitumbwi inaingia kazini na taa zake, mbalamwezi ikitoka kazi inalala. Mchuuzi anayekausha dagaa na mama lishe anayewapikia wote wanakula kwa mzunguko huohuo, na mvua zikiharibu dagaa kwenye vichanja, hata giza halisaidii. Na mtoto hachagui kuugua kwenye giza.

Kwa hiyo hela ya ugonjwa itoke usiku wa kwanza wa giza wenye mauzo, kabla ya madeni ya dukani kuanza kubisha hodi. Kiasi ukipange kwa kitu unachokijua: kwanza ifikie nauli ya kwenda na kurudi kituo cha karibu, ada ya kumuona mtabibu, na vipimo vya kawaida. Nenda zahanati ukiwa mzima, kaisome orodha ya bei ukutani. Kama haipo, omba kutajiwa, uandike. Hiyo ndiyo shabaha yako ya kwanza. Ukiifikia, ongeza siku mbili za kitanda. Iweke kwenye laini ya simu ambayo hutumii kulipia vitu, au kibubu cha nyumba ya dada. Ikikaa mfukoni itaingia kwenye bando.

Kwenye kikundi, mfuko wa jamii utengane na hisa kabisa, na kanuni ziandikwe kabla ya mtu kuugua: nani anatoa idhini usiku, kiasi gani kinatoka bila kikao, kipi ni msaada na kipi ni mkopo usio na riba. Sisi kiasi cha dharura kinatoka kwa simu ya mweka hazina na sahihi ya mtu mmoja, kikao kinakuja baadaye. Kikundi kinachosubiri akidi kumpeleka mtu hospitali kitapata akidi msibani.

Kausha damu usiiguse. Mkopo wa riba ya kila siku kwa ajili ya ugonjwa unakuacha na mgonjwa aliyepona na kitanda kimebebwa. Programu za simu zinazokopesha kwa dakika tano nazo zikague kama zina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, na mbinu yao ya kudai ni kuwapigia simu ndugu zako wote. Afadhali kumuuza mbuzi mchana kweupe.

Hatua ya nane: bili imekuzidi

Usitoroke wodini. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yao mojawapo ni hii hii. Nenda mapema, siku ya pili au ya tatu ukishaona bili inakupita. Usingoje saa ya kuruhusiwa. Beba barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza hali ya kaya, kitambulisho, na lile daftari lako lenye malipo uliyokwisha kufanya. Sema kazi yako, idadi ya wanaokutegemea, na kiasi unachoweza kutoa leo. Afisa anaweza kukupa msamaha wa yote au sehemu, au mkaandikishana kulipa kidogo kidogo kukiwa na mdhamini. Anayekuja na kitu mkononi na karatasi zake anasikilizwa kuliko anayekuja na kilio, ingawa haipaswi kuwa hivyo.

Mkiandikishana, taja kiasi unachokiweza hata mbalamwezi, siyo kile cha msimu mzuri. Na ulipe. Jina lako likiharibika ofisi ile, linamharibia na jirani atakayekuja na barua ya mtendaji yuleyule.

Hatua ya tisa: rufaa ya kwenda mjini

Kwa watu wa Ukerewe, Ukara, Buchosa na Sengerema, bili ya hospitali inaweza kuwa ndogo kuliko bili ya kuishi Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Buchosa hawalali tena kusubiri kivuko. Wa Nansio bado wanapanda meli, na ratiba ya meli ndiyo inayoamua utalala mjini siku ngapi. Hesabu nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, bodaboda au bajaji toka bandarini, chakula cha anayeuguza, na pa kulala. Tafuta ndugu wa kukupokea kabla hujaondoka, na umwambie ukweli kwamba inaweza kuwa wiki mbili.

Mwombe anayekuandikia rufaa akutajie unaenda kliniki gani na siku gani ya wiki inafanyika. Kliniki za mabingwa zina siku zake. Ukifika siku isiyo yake unaanza kulipia kulala. Beba majibu ya vipimo vyote ulivyofanya, na picha za eksrei zenyewe, ili usivirudie kwa hela nyingine. Barua ya rufaa ipige picha kwa simu.

Mkiruhusiwa, kabla ya kutoka getini uliza tarehe ya kurudi, na kama kurudi huko kunaweza kufanyikia hospitali ya wilaya kwenu. Kupima presha, kufungua nyuzi, kubadilisha dawa ya kidonda, mengi ya hayo Nansio au Sengerema wanayaweza, mradi utoke na karatasi inayosema walichokufanyia.